Utenzi wa Vita vya Wadachi, na Kuusoma Kwake Ugogo

Mwalimu wa Dodoma au Mpwapwa atakaye kuwasomea wanafunzi wake utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, yampasa kuanza na jina lenyewe. Wadachi ndio Wajerumani. Mrima ni pwani ya bara ielekeayo Unguja. Lakini neno zito ni kutamalaki. Kutawala humfaa hata mfalme wa halali; kutamalaki ni kuishika nchi ikawa milki, kama mtu ashikavyo shamba. Mtunzi amekwisha kutoa hukumu yake kabla ya ubeti wa kwanza.

Mwaka 1307 utajwao humo ni wa Hijra, nao ulianza Agosti 1889. Asipoeleza hesabu hiyo, watoto watadhani ni habari za zama za Wareno.

Bahari yake ni ile ya tenzi nyingi: mishororo minne, mizani nane kila mmoja, mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne huchukua kina kirudicho hata mwisho. Ndiyo bahari iliyobeba vita vya Mtume na Herekali katika Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728. Basi msikilizaji wa pwani, asikiapo mwendo ule, hungojea mashujaa, dua, na adui wa dini. Hapo pana kazi ya kupambanua: lipi mtunzi alilipata kwa watu, na lipi lililodaiwa na desturi ya utenzi? Kazi hiyo ni ngumu, wala haumfanyi mtunzi kuwa mwongo.

Tena vita havikukoma Mrima. Juni 1889 Bushiri bin Salim alipanda hata Mpwapwa akalipiga boma la Wadachi, na Nielsen akauawa. Oktoba Wissmann akafika na askari, akajenga boma jipya. Na tarehe 15 Desemba Bushiri akanyongwa Pangani. Wagogo, waliozoea kutoza hongo misafara ipitayo kwao, walijikuta kati ya wageni wawili, wote wakitoka pwani.

Hao jina la utenzi haliwahesabu. Mgogo huziweka habari zake katika nyimbo za ngoma na zeze. Kwa hiyo utenzi huu, uliopigwa chapa mwaka 1955 pamoja na tafsiri ya J. W. T. Allen, usisomwe peke yake. Wanafunzi waulize kwao yale ambayo wazee walisimuliwa na babu zao juu ya misafara na boma, wayaandike kwa Kigogo kwanza, ndipo wayaweke kando ya beti. Yasipopatana, mwalimu asifanye haraka kuyapa ushindi yaliyopigwa chapa.