Muuguzi akishuku, sheria inamtaka aseme

Wenzetu wengi wanaofanya kazi ya uuguzi Marekani wamelelewa kuamini kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Wodini, imani hiyo inaweza kumfikisha mtu mahakamani.

Tuchukue California. Muuguzi mwenye sababu za msingi za kushuku kwamba mtoto anapigwa, ananajisiwa au ametelekezwa, lazima apige simu mara moja polisi au idara ya ustawi wa watoto, kisha apeleke ripoti ya maandishi ndani ya saa 36. Hadaiwi ushahidi, kuchunguza si kazi yake. Kumwambia mkuu wake tu hakutoshi, na mkuu haruhusiwi kumzuia. Akinyamaza anaweza kufungwa hadi miezi 6, kutozwa faini ya dola 1,000, au vyote viwili. Akisema, sheria inamkinga hata kama shaka yake haikuthibitika.

Nyumbani nako, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa.

Tunayasema haya kwa sababu mtoto wa miaka 2 hawezi kujieleza. Alama za mkanda mgongoni ndizo zinazomsemea, na mara nyingi anayeziona ni muuguzi.