Kwa Nini Malori Huanguka Kwenye Miteremko
Barabara ya Embu kwenda Meru ina mteremko mkali pale daraja la Nithi. Mwezi Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, watu zaidi ya 30 wakafa. Lori lililojazwa kupita kiasi ni gumu zaidi kusimamisha. Dereva akikanyaga breki mfululizo, zinashika moto halafu zinakataa. Akitoa gia ili aokoe mafuta, injini haimsaidii kupunguza mwendo. Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Uchovu nao huua: sheria inakataza dereva kuendesha zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Kwa hivyo tukikodi lori la mahindi, tukague tairi, tuulize habari ya breki, tusizidishe magunia, wala mtu asipande juu ya mzigo. Nauli rahisi isitununulie jeneza.