Diski Mpya na Mbacha wa Kale

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo nimeukumbuka hapa Kericho, katika nchi ya majani chai, kwa jambo ambalo wao hawakuliota: kompyuta ya nyumbani, na kama yafaa niibadilishe diski yake au la.

Diski hiyo imebeba sauti za kaseti 200 za dakika 90: darsa za Ramadhani, maulidi, na malumbano ya washairi wa Mombasa na Lamu, ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Kaseti zenyewe zimeota kuvu kwa unyevu wa huku. Saa moja ya sauti isiyobanwa hula megabaiti 600 na ushei. Saa zote 300 hazifiki gigabaiti 200, na diski yangu ni ya 500. Kwa hivyo, ndugu msomaji, nafasi ninayo. Kilichopungua ni umri. Ndani ya diski hiyo mna sahani zizungukazo mara 5,400 kwa dakika. Kizungukacho huchakaa, na katika mvua na radi za Kericho, umeme ukikatika ghafla sahani zingali mbioni, hatari huzidi.

Kijana fundi wa mjini aliniambia, "Mzee, tia SSD. Haina kinachozunguka, na kompyuta itafunguka mara moja."

"Upesi ni jambo jema, mwanangu," nikamjibu. "Lakini nikiifungia kabatini miaka mingi, itazihifadhi sauti hizi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kweli. SSD hushika kumbukumbu kwa chaji ya umeme, na ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, chaji huvuja polepole. Tena mara nyingi hufa bila kuaga, ilhali ile ya kuzunguka aghalabu huanza kwa kukwaruza.

Hapo nikaona kuwa la kuuliza ni nakala ngapi, na ziko wapi. Sisi tuliopita chuoni twalijua hilo tangu utotoni. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Abubakar alimwamuru Zaid bin Thabit aikusanye Qur'ani. Baadaye Sayyidna Uthman akapeleka nakala katika miji mbalimbali. Sisemi sauti zetu ni sawa na Kitabu, hasha! Nasema tujifunze. Hata mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yalitufikia kwa kuwa vifua vya watu wa Mombasa viliyashika, hata Mwalimu Sikujua akayaandika.

Basi uamuzi wangu ni huu. Nanunua SSD ya kufanyia kazi, lakini nanakili kwanza, kabla fundi hajashika bisibisi. Nakala moja itakaa kwa jamaa yangu Bomet katika diski mpya ya kuzunguka, nyingine Mombasa. Kila Shaabani zitawashwa na kusikilizwa, kwani nakala isiyofunguliwa haijulikani kama ingali hai.

Wakulima wa huku hupogoa michai kila baada ya miaka michache: matawi hukatwa, shina likabaki. Diski ni tawi. Nawe mwenye sauti ya marehemu mzazi wako katika simu moja tu, ndugu yangu, inakili leo.