Matembezi ya Kiangazi Karibu na Nyumbani

Mwezi wa Mei unapokwisha, mvua hukoma katika nchi ya Usukuma. Mtama hukatwa, karanga hung'olewa, na pamba huchumwa na kupelekwa kuuzwa. Njia zilizokuwa zimezibwa na majani marefu huonekana tena, na matope meusi ya mbuga hukauka na kupasuka. Tangu Juni hata Septemba anga huwa safi, na asubuhi huwa na baridi kidogo. Hayo ndiyo majira mazuri kupita yote ya kutembea kwa miguu.

Hata hivyo watoto wengi wa Magu hudhani ya kuwa mambo ya ajabu yako mbali, kule Serengeti au ng'ambo ya bahari. Sivyo. Mtoto atembeaye mwendo wa saa mbili kutoka mlangoni kwao, naye akatazama vema, atarudi na mambo mengi ya kusimulia. Lakini atembeaye pasipo kutazama huweza kupita penye hazina asiione, na penye hatari asiijue.

Jambo la kwanza la kutazama ni miti. Huko Ulaya, mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti mingi hugeuka manjano na mekundu, kisha hupukutika. Watu wa huko hupenda sana kutembea mwituni majira hayo. Katika Magu nako majani hupukutika, ila hapa hupukutika wakati wa kiangazi, wala si kwa sababu ya baridi. Jani lina matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho. Kwa matundu hayo mti hupumua, na kwa hayo hayo maji ya mti hutoka yakawa mvuke. Maji ya ardhini yakipungua, mti wenye majani mengi ungekauka upesi. Kwa hiyo mti kwanza hukivuta chakula kilichomo majanini na kukiweka akiba katika matawi na mizizi. Ndipo rangi ya kijani hupotea, na manjano iliyokuwa imefichwa huonekana. Kisha mti huziba njia ya maji kwa utando mwembamba penye kikonyo, na upepo mdogo hutosha kuliangusha jani. Huko Ulaya baridi huugandisha udongo, hata mizizi haiwezi kunywa. Hapa udongo umekauka. Sababu zinafanana, yaani mti hujihifadhi usife kwa kiu.

Lakini mkuyu mara nyingi husimama una majani ya kijani hata mwezi wa Agosti, kwa kuwa mizizi yake huenda mbali kutafuta maji. Wazee walijua jambo hili tangu zamani: walipouona mkuyu mkubwa bondeni, walijua ya kuwa maji hayako mbali, wakachimba kisima karibu nao. Kivuli chake huzuia jua lisikaushe chemchemi, na mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua. Kwa hiyo mtu aukataye mkuyu wa kisimani kwa ajili ya kuni za wiki moja huwapunguzia jirani zake maji ya miaka mingi.

Jambo la pili ni mawe. Hakuna mgeni afikaye Mwanza au Magu asiyeshangaa kuona majabali makubwa yaliyopangana, jingine juu ya jingine, kama kwamba jitu limeyaweka kwa mkono. Majabali haya ni ya namna iitwayo granaiti, na umri wake wapita miaka milioni 2,500. Zamani hizo yalikuwa kama uji wa moto chini kabisa ya nchi, yakapoa polepole yakawa mwamba mmoja. Baadaye mwamba ukapata nyufa, zilizousimamia na zilizolala, hata ukawa kama masanduku yaliyopangwa. Maji ya mvua yakaingia katika nyufa, yakayala mawe. Nayo pembe za kila sanduku zililiwa kwanza, maana pembe hushambuliwa pande tatu, lakini ubavu hushambuliwa upande mmoja tu. Ndiyo sababu mawe hayo yakawa mviringo. Mwisho mvua zikauchukua udongo uliokuwa katikati, mawe yakabaki peke yake juu ya kilima.

Katika mawe hayo hukaa pimbi, mnyama mdogo kama sungura asiye na mkia. Alama zake ni michirizi myeupe juu ya mwamba, nayo ni mkojo wake uliokauka kwa miaka mingi. Watu wamstaajabie, kwa maana wataalamu waliochunguza meno yake, miguu yake na damu yake wameona ya kuwa ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva! Huko pia hukaa mjusi wa mawe, ambaye dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu, naye huota jua huku akitikisa kichwa. Lakini nyoka nao hupenda kuota jua mahali papo hapo. Basi apandaye mawe asitie mkono katika ufa asioweza kuona ndani yake, wala asiruke gogo kabla ya kutazama upande wa pili.

Jambo la tatu ni mto. Mto Simiyu huanzia upande wa Serengeti, na kumwagikia katika Ghuba ya Speke karibu na Magu. Wakati wa mvua hujaa na kukokota miti mizima. Kiangazi kikizidi, hupungua ukawa madimbwi na mchanga mtupu. Hata hivyo mto haujafa. Maji yangali yakitembea chini ya mchanga, na mchanga huyakinga yasikaushwe na jua. Kwa hiyo wanawake na wachunga ng'ombe hufukua mchangani, na maji hujitokeza. Maji hayo huonekana safi, lakini macho hayawezi kuona vijidudu; lazima yachemshwe kabla ya kunywewa.

Kutoka mtoni mtu huweza kushuka mpaka ziwani. Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji waliliita Nyanza tangu kale, lina eneo lipatalo kilometa za mraba 68,000, na katika maziwa yote ya maji baridi duniani lapitwa kwa upana na ziwa moja tu, Superior la Amerika ya Kaskazini. Hapo pwani mtembezi atasikia jambo ambalo wavuvi hulitegemea. Alfajiri upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Alasiri hugeuka, ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Sababu yake ni hii: ardhi hupata moto upesi na kupoa upesi kuliko maji. Mchana hewa ya nchi kavu hupata moto, hupanda juu, na hewa baridi ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku mambo hugeuka. Kwa hiyo mashua yenye tanga huweza kusukumwa na upepo wakati wa kwenda na wakati wa kurudi pia.

Asubuhi, juu ya mchanga na mawe, dagaa huanikwa wakang'aa kama fedha. Huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo. Wavuvi huwasha taa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi hutumia taa za umeme wa jua. Dagaa huifuata nuru, wakazungukwa na wavu. Mwezi ukiwa mpevu nuru imeenea kila mahali, na taa ya mvuvi haina nguvu. Basi siku za mbalamwezi ndizo siku za kupumzika na kushona nyavu.

Hapo ziwani ndipo ilipo hatari kubwa kuliko nyoka wa mawe. Mamba na kiboko wajulikana na kila mtoto, lakini kuna adui mdogo ambaye watoto hucheza naye pasipo kumjua. Penye majani ya pwani, na katika malambo, hukaa konokono wadogo. Mtu mwenye kichocho akienda choo au akikojoa majini, mayai ya ugonjwa hutoka, hupasuka, na vijidudu vyake huingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa vijidudu vingine hutoka katika konokono, hasa mchana jua likiwa kali, vikaogelea kutafuta ngozi ya mtu. Huingia mwilini pasipo jeraha lo lote. Mtoto huoga kwa furaha dakika chache tu, akarudi nyumbani haoni kitu. Miezi hupita, ndipo tumbo huuma, au damu huonekana katika choo au mkojo, naye hudhoofika na kusinzia darasani. Asipotibiwa miaka mingi, ini lake au kibofu chake huharibika.

Ugonjwa huu hutibika. Vidonge hupatikana hospitalini, na mara kwa mara hugawiwa shuleni. Mtoto aonaye damu asifiche kwa haya, bali awaambie wazazi au mwalimu siku hiyo hiyo. Lakini dawa haizuii kuugua tena, na mtu arudiaye maji yale yale huweza kuupata ugonjwa mara ya pili. Kinga ni kutooga mahali penye konokono, na kutokwenda choo majini wala pwani kamwe. Ahifadhiye maji hujihifadhi nafsi yake na jirani yake.

Tena kuna moto. Wakati wa kiangazi majani ni makavu kama karatasi, na cheche moja ya mwindaji wa panya au mrina asali huweza kuteketeza kilima kizima. Wasukuma wana desturi njema iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, majani yakakua, nayo hufunguliwa kiangazi mifugo ikiwa na njaa. Moto ukiingia katika ngitili, chakula cha ng'ombe wa nyumba nyingi huisha kwa saa moja. Basi watembezi wasiwashe moto porini, na wasikatize ngitili ya mtu pasipo ruhusa.

Kiangazi kinapokaribia kwisha, inafaa kutazama juu. Mbayuwayu wa Ulaya hutokea, kisha korongo weupe hufika pamoja na mvua, wakatembea mashambani wakila nzige na viwavi. Hao ndio ndege waliokimbia baridi ya Ulaya wakati majani ya kule yalipopukutika. Zamani watu wa Ulaya hawakujua wanakokwenda. Wengine walidhani mbayuwayu hulala chini ya matope. Mwaka 1822, huko Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo aliyekuwa na mshale mrefu wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa amechomwa huku Afrika, akaruka nao hata Ulaya! Ndipo wataalamu wakapata ushahidi wa safari ile. Korongo huyo angali amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock.

Mwisho, matembezi yasiwe ya kutazama miti na wanyama tu, maana nchi ni watu pia. Huko Kageye, penye Ghuba ya Speke, palikuwa bandari ya wafanyabiashara zamani za biashara ya pembe na watumwa. Stanley alifika hapo mwezi wa Februari 1875, akaunga mashua yake iliyochukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani ya bahari. Na mwenzake, Frederick Barker, alifariki hapo hapo mwaka ule. Huko Bujora, karibu na Kisesa, iko nyumba ya makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Humo zimo ngoma na vitu vya watemi wa kale. Mwezi wa Juni, mavuno yakiisha, hufanyika huko sikukuu ya Bulabo, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya watu wengi.

Wala si lazima kwenda hata Bujora. Mtoto akutanapo na mzee njiani asubuhi amsalimu kwa adabu, “Mwangaluka,” na mchana, “Mwadila.” Kisha amwombe amwonyeshe maji ya ziwa yalifika wapi miaka ya 1961 hata 1964, yalipopanda zaidi ya meta mbili, na yalifika wapi tena mwaka 2020. Vitabu hutaja meta. Mzee huonyesha jiwe lenyewe, na shamba lililozama.

Matembezi hayahitaji fedha. Yatosha maji yaliyochemshwa, viazi vichache, kofia, viatu, daftari na kalamu. Watoto wasiende peke yao bali wawili au watatu, na waseme nyumbani waendako. Waanze mapema jua lisijakuwa kali. Warudipo, kila mmoja aandike jambo moja aliloliona kwa macho yake na jambo moja asilolielewa. Hilo la pili ampelekee mwalimu. Maana Mwenyezi Mungu ameijaza nchi hii kazi za mikono yake, naye aijuaye vema nchi yake ndiye aweza kuitunza.

MASWALI

1. Kwa nini majani hupukutika Ulaya, na kwa nini hupukutika Magu? Sababu hizo zinafanana kwa jambo gani?
2. Eleza jinsi jabali lenye pembe linavyogeuka kuwa mviringo.
3. Kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi?
4. Mtu hupataje kichocho? Taja mambo mawili ya kujikinga.
5. Ngitili ni nini, na moto unaileteaje hasara?
6. Tafuta jambo moja karibu na nyumbani kwenu ambalo hukulijua, uliandike.