Asembli na asembla: kichakataji kimoja, maandishi tofauti

Asembli nm [i-/zi-] lugha ya kuandikia programu ambayo, kwa kawaida, kila amri yake huwakilisha amri moja ya kichakataji.

Asembla nm [i-/zi-] programu inayoigeuza asembli kuwa lugha ya mashine, yaani namba ambazo kichakataji huzitekeleza.

Maneno haya huchanganywa mara nyingi, ilhali tofauti yake ni kubwa: asembli huandikwa, asembla husoma. Kichakataji kimoja kinaweza kuwa na asembla kadhaa, na kila moja ina kanuni zake za maandishi.

Tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anaandika programu katika Linux kwa kompaila ya GCC, na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Iringa anatumia Windows na kompaila ya Microsoft. Kompyuta zote mbili zina kichakataji cha aina ya x86-64. Sehemu iliyoandikwa kwa C, ikizingatia kanuni sanifu za lugha hiyo, itakubalika pande zote mbili. Sehemu ya asembli itakutana na vizuizi vitatu.

1. Sarufi. Kuweka namba 5 katika rejista ya rax, asembla ya GNU, inayotumiwa na GCC, kwa kawaida huandikiwa hivi:

`movq $5, %rax`

NASM na asembla ya Microsoft huandikiwa hivi:

`mov rax, 5`

Mpangilio umegeuka: kwanza chanzo kilitangulia, kisha kikatangulia kipokezi. Ni kama salamu: Tukuyu mtu huamkiwa *ugonile*, Iringa *kamwene*, na nia ni ileile. Hata nukta-mkato hubadili maana: katika NASM huanzisha maelezo ya mwandishi, katika asembla ya GNU ya x86 hutenganisha amri. Makosa ya namna hii kwa kawaida hugunduliwa na asembla yenyewe.

2. Majina. Fanksheni iitwayo `jumlisha` katika C hubaki `jumlisha` katika Linux na katika Windows ya biti 64, lakini katika macOS hutanguliwa na kistari cha chini: `_jumlisha`. Jina lisipolingana, programu ya kuunganisha faili hulalamika, na kosa huonekana.

3. Kanuni ya kuitana. Hapa ndipo penye hatari, kwa kuwa hakuna anayelalamika. Katika Linux, fanksheni hupokea namba nzima mbili za kwanza katika rejista za rdi na rsi. Katika Windows, katika rcx na rdx. Kwa hiyo fanksheni hii ya Mbeya, iliyoandikwa kwa NASM, ni sahihi:

`lea rax, [rdi+rsi]`
`ret`

Ikipelekwa Iringa, NASM itaisoma bila tatizo na programu itaunganishwa, lakini itajumlisha chochote kilichosalia katika rejista hizo. Ni sawa na kifurushi kilichofika stendi salama kikaachwa dirisha moja, huku mpokeaji akisubiri jingine. Zaidi ya hayo, Windows humtaka mwandishi azirudishe rdi na rsi kama alivyozikuta endapo atazibadili, Linux haimtaki.

Njia ya kuandika. Kwanza, asembli ikae katika faili lake, isichomekwe ndani ya C: kompaila ya Microsoft hairuhusu uchomekaji huo katika x86-64. Pili, ichaguliwe asembla moja kwa mifumo yote. NASM hutoa faili za Linux, Windows na macOS, hivyo kizuizi cha sarufi huondoka. Tatu, majina na rejista za kupokelea vifafanuliwe mahali pamoja, mwanzoni mwa faili, kwa masharti ya kila mfumo. Nne, liwepo toleo la C la kila fanksheni, ili majibu ya matoleo yote mawili yalinganishwe katika kila kompyuta.

Matumizi. Haitoshi kusema “programu hii imeandikwa kwa asembli”. Hutajwa pia kichakataji, asembla na mfumo endeshi: “asembli ya x86-64, kwa NASM, katika Linux”. Kichakataji kikibadilika, kwa mfano kuwa ARM, kinachohitajika si marekebisho ya maandishi bali kuandika upya.