Kwa Nini Kompyuta Yetu Ilikuwa Ikisinzia

Ninyi mliohudhuria mahafali ya kidato cha nne mwaka jana mwalikumbuka bango lililotundikwa mbele ya jukwaa: milima ya Nguru kwa nyuma, mashamba ya miwa ya Mtibwa chini yake, na nembo ya shule pembeni. Bango lile lilinitaabisha juma zima, na nusura liwatoze wazazi fedha za kompyuta mpya ambayo haikuhitajiwa. Mhariri ameniomba nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, nami sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi hiyo katika chama chetu cha kompyuta. Twatumia programu iitwayo GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nayo haina malipo. Uzuri wake ni kuwa picha hupangwa kwa matabaka, mfano wa karatasi za kioo zilizolaliana: milima tabaka lake, miwa lake, maandishi lake. Ukitaka kusogeza maandishi, milima haiguswi.

Siku ya kwanza kazi ilikwenda vizuri. Siku ya pili, nilipofikisha tabaka la tano, nilivuta brashi nikasubiri. Rangi ilitokea baada ya kitambo, kama mtu aliyeitwa akaitika akiwa ng'ambo ya mto. Kwenye tabaka la tisa niliweza kwenda kunywa maji bombani na kurudi nikaikuta ingali inafikiri. Nalidhani ni virusi. Nikaisafisha kompyuta alasiri nzima, sikuona kitu. Jioni umeme ukakatika nikapoteza kazi ya saa mbili, kwa kuwa kuhifadhi faili nako kulikuwa kunachukua muda mrefu mno hata nikawa nakuahirisha.

Nikaenda kwa mwalimu wetu. "Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta imezeeka, haifai tena." "Marahaba," akanijibu, akaniambia kwamba basi itabidi jambo hilo lipelekwe kwenye kikao cha wazazi. Lakini kabla sijatoka akaniuliza, "Umejaribu picha ndogo?" Sikuwa nimejaribu. Tukafungua picha ndogo kama kadi ya salamu. Brashi ikakimbia bila kusita. Hapo ikadhihirika kuwa mgonjwa alikuwa faili langu, wala si kompyuta.

Mwalimu akachukua chaki. Bango ni mita 2 kwa mita 1. Mimi, kwa kusikia kwamba kazi nzuri huchapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, nilikuwa nimeandika 300. Mita 2 ni inchi 78.74; zidisha kwa 300, wapata nukta 23,622. Upande wa pili ni nukta 11,811. Zidisha hizo mbili: nukta milioni 279. Kila nukta hutaka baiti 4: moja ya nyekundu, moja ya kijani, moja ya buluu na moja ya uwazi. Basi tabaka moja lililojaa ni gigabaiti 1.1, na matabaka tisa ni gigabaiti 10. Kompyuta yetu ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, na katika hizo mfumo wenyewe hula karibu nusu.

Kisichotosha huenda wapi? Wale waishio karibu na kiwanda cha sukari wataelewa upesi. Uwanja wa kiwanda ukijaa, matrekta ya miwa hupanga foleni barabarani. Kumbukumbu ndiyo uwanja. Diski ndiyo barabara. Programu huandika ziada kwenye diski, kisha huirudisha kila inapohitajika. Kumbukumbu hupitisha maelfu ya megabaiti kwa sekunde. Diski yetu ya kuzunguka hupitisha kama 100. Kwa hiyo kusogeza tabaka moja tu ni sekunde 11 na zaidi, na hiyo ni kwenda bila kurudi.

Wenzangu hushangaa: picha niliyopiga kwa simu ni megabaiti 4 tu, mbona iwe nzito? Faili la picha ya simu limebanwa. Likifunguliwa, nukta zake milioni 12 hukunjuliwa zote na kuwa megabaiti 48. Usipime uzito wa picha kwa faili lililofungwa.

Tukaanza matengenezo. La kwanza ndilo lililoponya karibu ugonjwa wote: tulishusha nukta kutoka 300 hadi 75 kwa inchi. Ni robo kwa upana na robo kwa urefu, hivyo uzito ukawa sehemu moja ya kumi na sita: megabaiti 70 kwa tabaka. Je, bango halikuharibika? Nukta moja ikawa theluthi ya milimita, na jicho la mtu aliye umbali wa mita 3 haliwezi kuitenga. Ukurasa unaoshikwa mkononi, huo ndio wahitaji 300.

Pili, nembo ilikuwa pembeni tu, lakini tabaka lake lilikuwa na ukubwa wa bango zima. Tukalikata likaenea nembo yenyewe. Tatu, tukaunganisha matabaka ya milima yaliyokwisha kazi. Hapa nawaonya: hifadhini nakala kwanza. Mimi kwa pupa niliunganisha na maandishi pia, kisha Mwalimu akasoma "MAHAFARI". Maandishi yaliyokwisha unganishwa hayahaririki tena, nikayafanya upya.

Nne, katika mapendeleo ya programu, sehemu ya rasilimali, mwenzetu mmoja alikuwa ameandika kwamba itumie gigabaiti 8 za kumbukumbu, ati ikipewa nyingi itakwenda mbio. Kompyuta yenye 4 itazitoa wapi hizo 8? Tukaandika 2. Pia tukapunguza kumbukumbu ya kutengua makosa, maana kila hatua unayoweza kuitengua imehifadhiwa mahali. Na nafasi ya ziada tukaielekeza kwenye diski yenye uwazi, kwani ile ya kwanza ilikuwa imejaa filamu za watu nisiowataja.

Wenye Photoshop nyumbani watakuta mambo hayo hayo: hatua za kutengua kwa kawaida ni 50, na kumbukumbu inayoruhusiwa ni asilimia 70. Mkitaka kujua kama diski ndiyo inayolemewa, bonyezeni Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja katika Windows. Kumbukumbu ikiwa imejaa na diski iko kwenye asilimia 100, jibu mmelipata.

Bango lilikwisha alasiri ile ile, likapelekwa Morogoro kuchapwa kwa fedha zilizokuwa zimechangwa, na habari ya kompyuta mpya haikufika kikaoni. Jalada la gazeti hili nimelitengeneza kwa kompyuta hiyo hiyo: ukurasa wa A4, nukta 300, matabaka matano, megabaiti 175 kwa jumla. Safari hii nilipiga hesabu kwanza.