Pembe za Beberu

Je, wajua kwamba mbuzi anaweza kuzaliwa huntha kwa sababu tu baba na mama yake wote walizaliwa bila pembe?

Jambo hili linawahusu sana wafugaji wa Meru. Mwaka 1996 shirika la FARM-Africa lilianzisha huko mradi wa kupandisha mbuzi wa kienyeji kwa mabeberu wa Toggenburg kutoka Uingereza. Beberu aliwekwa kwa mfugaji mmoja kijijini, na jirani ambaye jike wake ameingia joto akampeleka huko. Leo machotara wa maziwa wamejaa kwenye mabanda ya Meru, na Embu pia wapo.

Mbuzi wa kienyeji kwa kawaida ana pembe. Baadhi ya Toggenburg huzaliwa bila pembe, na jeni inayozizuia ina nguvu: ikitoka kwa mzazi mmoja tu, inatosha. Tuiite P, na ile ya pembe p. Sasa chora chini kwa kijiti ule mraba wa Reginald Punnett, mwanasayansi wa Cambridge, wenye vyumba vinne. Juu andika P na p za beberu, ubavuni P na p za jike, kisha jaza: PP, Pp, Pp, pp. Kwa wastani, watatu kati ya wanne hawana pembe. Raha iliyoje kwa anayekamua!

Balaa limo katika chumba cha PP. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walionyesha kuwa P ni pengo: kipande cha DNA cha herufi kama 11,700 kimekatika. Pengo likirithiwa pande zote mbili, ovari za jike hazikui inavyopasa. Anakuwa huntha: anaelekea udume, na ni tasa. Miezi mitano ya mimba, na mtoto hatakupa maziwa.

Futa mraba, umpe jike pp. PP haitokei tena, hata beberu awe wa namna gani. Kwa hiyo mzazi mmoja awe wa kuzaliwa na pembe.

Wa kuzaliwa, nasema, maana wengi huchomwa vichipukizi vya pembe wangali wadogo. Mpapase utosini beberu asiye na pembe: akiwa na makovu mawili ya kuchomwa, huyo ni pp, na jike wako asiye na pembe anamfaa. Asipokuwa na makovu, mpelekee jike mwenye pembe.